Budeba Lilikuwa Jina la Mtu

Jina la mtu mwenye akili kuliko wote niliowahi kuwafundisha limegeuka tusi, na aliyeligeuza ni mimi.

Hapa Mbeya nalisikia kila siku. Mtoto akitumwa chumvi akaleta sukari, ni budeba. Fundi akikata ubao ukawa mfupi, ni budeba. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye bucha pale Ilomba, nzi wamejazana kwenye utumbo uliotundikwa. Muuza nyama akamfungia mama mmoja maini wakati aliomba mifupa ya supu.

"Wewe budeba au vipi?" mama akamwambia. "Mifupa, nimesema mifupa!"

Watu wakacheka. Mimi nikauliza, "Hivi budeba maana yake nini?"

"Mtu asiyejua hata alichonacho," akasema muuza nyama. "Ni Kihehe hicho."

"Kihehe gani?" akadakia mzee mmoja mwenye koti. "Mimi Mhehe wa kuzaliwa, neno hilo silijui. Limekuja na reli kutoka Zambia."

"Mnadanganyana," mama akasema. "Wamisheni wa zamani ndio waliokuwa wakiwaita hivyo watoto wasioelewa. Bibi yangu alinisimulia."

Bibi yake! Neno lina miaka mitatu. Wakaendelea kubishana, kila mmoja akiapa, na mimi nimesimama na kilo yangu kwenye gazeti, damu inanichuruzika hadi kwenye kiwiko. Nilipotoka nje niliitupa ile nyama kwa mbwa, maana harufu yake ilinirudisha Usangu, mwezi wa tatu, mwaka sabini na sita.

Halikutoka Zambia, wala kwa wamisheni. Nitaeleza lilikotoka.

Mimi niliishia darasa la nne. Baba alikufa, shule ikaisha, nikawa utingo, baadaye dereva. Mwaka sabini na tano nilikuwa naendesha lori la chama cha ushirika, nikibeba mpunga kutoka kijiji kimoja cha Usangu kwenda Mbeya, na safari nyingine hadi Iringa. Ulikuwa mwaka wa kisomo. Kila kijiji kilitakiwa kuwa na madarasa ya watu wazima, na walimu hawakutosha, kwa hiyo yeyote aliyejua kusoma alishikwa mkono. Nilishikwa. Jumatano na Ijumaa, lori likiwa kijijini, nilifundisha ndani ya ghala la mpunga watu ishirini na wawili, wamekaa juu ya magunia.

Mmoja wao alikuwa Budeba. Msukuma, mrefu, mkavu, na makubazi ya tairi. Alikuwa amehamia Usangu kutoka kaskazini na mke wake, mtoto wake Shija, kijana wa kuoa, na ng'ombe. Alinizidi umri kwa miaka kumi hivi, lakini aliniita Mwalimu, na alipokuwa akiniita hivyo alikuwa akimaanisha. Mimi nilimwita Baba Shija.

Wiki ya pili nilileta hesabu ya kutoa. Nikamwambia, "Baba Shija, chukua ng'ombe wako wote, uza watano, wamebaki wangapi?" Akatazama chini. Darasa lilipokwisha akanifuata kwenye lori.

"Mwalimu, niulize madebe. Niulize magunia, niulize watu. Ng'ombe usiniulize."

"Kwa nini?"

"Kwetu ng'ombe walio hai hawahesabiwi kwa mdomo. Ukitaja idadi yao, umeita wapungue. Wakifa, hesabu unavyotaka, hapo hakuna tena cha kuogopa. Baba yangu alimtajia karani wa kodi. Mwaka ule hatukupata maziwa ya kumpa mtoto."

Nikamwambia sawa. Kuanzia siku hiyo nilimpa magunia. Na kwenye magunia hakuna aliyemfikia. Siku moja nilikuwa napakia lori, yeye amekaa pembeni anachonga fimbo, hata hatazami. Nilipofunga turubai akasema, "Mwalimu, yamezidi mawili." Nikashusha, nikahesabu upya. Yalikuwa yamezidi mawili.

Jioni ng'ombe wakirudi alisimama mlangoni pa zizi. Hakuhesabu. Aliwatazama tu wakipita kwenye vumbi, kundi zima, halafu akasema, "Yule mwekundu mwenye doa shingoni hayupo, na ndama wake." Shija akatumwa, akawakuta kwenye mpunga wa watu. Mimi nikisimama pale ningeona mavi na pembe basi.

Mwaka huo kijiji kilichimba josho la kuogeshea ng'ombe. Saruji ilitoka serikalini, shimo tulichimba wenyewe. Kupe walikuwa wamezidi, na ndigana, homa inayoletwa na kupe, ilikuwa imewamaliza ndama mwaka uliotangulia, wa Budeba kuliko wa mtu yeyote. Likahitajika mtu wa kulitunza. Kikao cha kijiji kikaamua: mtunza josho atakuwa mtu aliyefika hatua ya tatu ya kisomo, maana kuna daftari la kuandika na dawa ya kupima. Wafugaji wote walimtaka Budeba. Ila kulikuwa na Saulo pia, mpwa wa mwenyekiti, darasa la saba, mwandiko wake kama wa kadi ya harusi. Ikawa hivi: Budeba akifaulu mtihani wa mwezi wa nane, josho ni lake. Akishindwa, ni la Saulo.

"Mimi sitaki cheo, Mwalimu," aliniambia. "Nataka kusimama pale. Akisimama asiyejua ng'ombe, watakufa wote."

"Lakini mtunza josho anahesabu ng'ombe," nikamwambia. "Kila anayeruka joshoni anatoka na dawa kwenye manyoya. Lazima ujue wameruka wangapi ndipo ujue uongeze dawa kiasi gani. Na wewe huhesabu."

Akacheka. Akaniletea kopo la samli, tupu. "Akiruka mmoja, natia kokoto moja. Jioni nahesabu kokoto. Kokoto si ng'ombe."

Nikasema moyoni, huyu mzee ningempa darasa anifundishe mimi.

Siku ya mtihani akaja msimamizi kutoka wilayani, anaitwa Liberatus, suruali ya kaki imepigwa pasi, amekaa kwenye kiti pekee kilichokuwapo. Kusoma, Budeba alisoma. Kuandika, aliandika jina lake, la mke wake Kashindye, na la kijiji. Hesabu zilizokuwa kwenye karatasi alizimaliza wa kwanza. Ikabaki kuulizwa kwa mdomo, na Liberatus alipenda kumuuliza kila mtu juu ya mali yake. Alidhani ni njia ya kirafiki.

"Haya, mzee. Una ng'ombe wangapi?"

Budeba akatazama chini. "Wapo."

"Najua wapo, nawanusa hapa nilipo. Wangapi?"

"Wapo tu, ndugu. Wananitosha."

"Kumi? Ishirini? Mia?"

"Sijui."

Ghala zima likaangua kicheko. Liberatus akacheka mpaka akavua miwani. "Jamani! Nimezunguka vijiji tisa, nimekuta wasiojua kusoma, wasiojua kuandika. Asiyejua ng'ombe wake mwenyewe ndio leo." Akanigeukia. "Mwalimu, huyu umemfundisha nini?"

Budeba akanitazama. Hakuwa na wasiwasi. Alijua mimi najua, na alijua nitasema.

Ningesema. Lakini nikafikiri, nikisema, huyu bwana ataandika kwamba mwalimu analea ushirikina darasani. Nikaona vilevile wale watu wote wanacheka, na kicheko ni kitu kitamu ukiwa upande wake. Nikatabasamu. Nikasema, "Ndugu, vichwa vingine ni vizito. Unapiga nyundo, haiingii."

Wakacheka tena, safari hii kwa ajili yangu. Liberatus akaandika hatua ya kwanza. Budeba akachukua fimbo yake, akatoka. Kopo la samli lilikuwa limesimama mlangoni. Akainama, akalichukua.

Hapo ndipo pangekuwa mwisho wa unyama wangu, kama ningekuwa na haya. Sikuwa nayo.

Siku mbili baadaye nilikuwa njiani kwenda Iringa. Madereva tulikuwa tukisimama Nyololo kwa mama mmoja anaitwa Rozalia, chai yake nzito na mandazi ya moto. Palikuwa na baridi, watu wamejikunyata, hakuna stori. Nikaitoa yangu. Nikaigiza kabisa: nikainama kama Budeba, nikatazama chini, nikasema kwa lafudhi ya Kisukuma, "Wapo tu, ndugu. Wananitosha."

Dereva mmoja, Mika, akatema chai yote mezani kwa kucheka. Rozalia akashika kiuno. "Mungu wangu! Anaitwa nani mtu huyo?"

"Budeba."

"Budeba!" Mika akapiga meza. Halafu akamgeukia utingo wake. "Haya, wewe, tumepakia mapipa mangapi?"

Utingo akasita. "Nafikiri... kumi na..."

"Budeba huyo!" akapiga kelele Rozalia, na watu wakashika mbavu.

Ndivyo lilivyozaliwa. Nililiona linazaliwa, juu ya meza iliyolowa chai iliyotemwa. Niliporudi baada ya wiki, Rozalia alikuwa akimwita hivyo msichana wake wa kuosha vikombe. Mika alilipeleka Makambako. Wengine walilipeleka Mbeya. Mwezi wa kumi nilifika nyumbani kwangu Ilomba nikamkuta mwanangu wa kike anamwambia mdogo wake, "Huwezi hata kufunga kamba, budeba wewe." Mke wangu Ikupa akaniuliza limetoka wapi. Nikasema sijui. Tena niliona fahari kidogo, nakiri. Ni kama kusikia wimbo wako unaimbwa na watu wengine.

Na lilirudi kijijini, bila shaka. Lilikuja na lori langu.

Josho likafunguliwa mwezi wa kumi na moja. Saulo alisimama na daftari lake, kalamu sikioni. Budeba alileta ng'ombe wake kama wengine, na kila wiki, kundi lake likishapita, alibaki pale kwenye uzio na kopo la samli mpaka ng'ombe wa mwisho wa kijiji alipotoka. Vijana walimwona anatia kokoto, wakafa kwa kicheko. "Mzee anacheza bao na nani?"

Mwezi wa kwanza, mvua zimekolea, akanijia kwenye lori. Alikuwa na kopo.

"Mwalimu, hesabu mwenyewe."

Nikazimwaga kwenye turubai, nikazihesabu. Zilikuwa mia nne na kumi na mbili.

"Hizo ni za juzi," akasema. "Sasa nenda katazame daftari la Saulo. Shija amelisoma. Ameandika mia tatu. Wiki iliyopita mia tatu. Kila wiki mia tatu. Anatia dawa ya mia tatu. Na mvua inaingia joshoni, hata kifuniko hakuna. Dawa imekufa, Mwalimu. Jana nimetoa kupe sikioni mwa ng'ombe aliyeogeshwa juzi, kupe bado anatembea."

"Umemwambia Saulo?"

"Nimemwambia. Kasema, 'Mzee, ng'ombe wako mwenyewe huwajui, utajua dawa yangu?' Kaniita jina langu. Wakacheka." Akaokota kokoto moja kwenye turubai. "Zamani niliitika nikiitwa jina langu. Siku hizi nageuka kwanza nione kama ni mimi au ni tusi."

Nikatazama kokoto. Nilikuwa nazihesabu tena ili nisimtazame usoni.

"Wewe ukisema, kamati itasikia," akaniambia. "Wewe ni mwalimu. Sema tu kwamba Budeba anajua kuhesabu."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kama Budeba anajua kuhesabu, basi mwezi wa nane mwalimu alidanganya. Na kama mwalimu alidanganya, ile hadithi iliyochekesha watu kuanzia Usangu hadi Iringa ni ya mwongo. Na mwenyekiti, mjomba wa Saulo, ndiye aliyekuwa akiniwekea sahihi barua za safari.

"Nitasema nikirudi kutoka Iringa," nikamwambia.

"Asante, Mwalimu."

Nilirudi kutoka Iringa mara nne. Sikusema.

Ndigana haina haraka mwanzoni. Tezi chini ya sikio inavimba, ng'ombe anaacha kula, anasimama peke yake. Halafu mapafu yanajaa maji, anahema kama mtu aliyepanda mlima, na povu jeupe linamtoka puani. Walianza ndama. Halafu majike. Mwezi wa tatu nilipoingia kijijini nilifunga vioo vya lori nikiwa bado mbali. Walikuwa wamelala kando ya njia, kwenye majani ya mpunga, wamevimba miguu juu. Mbwa walikuwa wameshiba mpaka wamelala katikati ya mizoga. Wanawake walikuwa wanachimba, wamejifunga khanga puani. Kashindye alikuwa mmojawapo. Alinitazama, akaendelea kuchimba.

Bwana mifugo alikuja kutoka Mbeya na gari la serikali. Watu wakakusanyika pale kwenye josho. Akachovya kidole kwenye maji, akanusa, akauliza nani anatunza. Saulo akatoa daftari. Mwandiko ule ule mzuri. Mia tatu, mia tatu, mia tatu, mpaka ukurasa wa mwisho, hata wiki ambazo ng'ombe walikuwa wakianguka kila siku.

"Wamekufa wangapi?" bwana mifugo akauliza.

Saulo akafungua ukurasa, akafunga. Mwenyekiti akasema ni wengi. Mwingine akasema kama hamsini. Mwingine sitini. Kijana mmoja nyuma, nafikiri kwa mazoea tu, akasema, "Muulizeni Budeba," na wawili watatu wakacheka, pale pale, mizoga inanuka.

Budeba akasogea mbele. Hakuwa na kopo. Akasimama mbele ya bwana mifugo, akaanza kuhesabu kwa sauti.

Alihesabu mmoja mmoja. Mwekundu mwenye doa shingoni, mmoja. Ndama wake, wawili. Mweusi aliyevunjika pembe, watatu. Jike lenye tumbo jeupe, wanne. Alianza na wake, akamaliza wake, akahamia wa Maganga, jirani yake, akawataja rangi zao na siku walizoanguka. Halafu wa kijiji, wale wa ujamaa, ambao hakuna mwingine aliyejua hata sura zao. Hakusimama, hakurudia. Bwana mifugo aliandika mpaka wino ukamwishia, akaomba kalamu ya Saulo. Hakuna aliyecheka tena. Ilichukua muda mrefu, na jua lilikuwa kali, na nzi walikuwa wanatua midomoni mwetu.

Alipomaliza, bwana mifugo akasema, "Mzee, kichwa chako ni daftari. Sasa niambie, waliobaki hai ni wangapi?"

Budeba akatazama chini.

"Waliobaki, mzee. Wangapi?"

"Wapo," akasema.

Bwana mifugo akashangaa, akatutazama wengine. Budeba hakunitazama. Mara ile ya kwanza alinitazama, safari hii hapana.

Nikasema mimi. Nilisikia sauti yangu inatoka kama ya mtu mwingine. "Kwao walio hai hawahesabiwi."

Bwana mifugo akatikisa kichwa, akaandika, akafunga kitabu chake. Basi. Hakuuliza zaidi, wala hakumcheka mtu. Ilikuwa rahisi hivyo.

Budeba aliondoka baada ya wiki mbili, na Kashindye na Shija na wale waliobaki. Sijui walikoelekea. Sikwenda kuaga, na asingeitika.

Yalikuwa maneno manne. Ningeyasema mwezi wa nane ndani ya ghala, yangekuwa maneno manne yale yale. Nimeyachelewesha miezi saba, na gharama yake ni hii. Ng'ombe wa Budeba, arobaini na saba. Wa Maganga, kumi na tisa. Wa kijiji, thelathini na mmoja. Jumla tisini na saba. Posa ya Shija, moja, iliyorudishwa kwa sababu ng'ombe wa mahari walikuwa shimoni. Josho, moja, limefukiwa. Wanafunzi ishirini na wawili, waliorudi ghalani baada ya mtihani ni wanne, na hao wanne nao waliacha. Na jina la mtu, moja.